Vitabu Vilivyohamia Downsview

Basi la 105 hutoka kituo cha Sheppard West, ambacho hadi mwaka 2017 kiliitwa Downsview, likapanda Barabara ya Dufferin kuelekea kaskazini. Mama amelipanda basi hilo kwenda kazini tangu nilipokuwa darasa la tatu. Njiani, kwenye namba 4925, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Toronto inayofundisha uhandisi wa ndege na vyombo vya anga. Sisi wakazi hatujawahi kuishangaa. Downsview imezoea ndege: kiwanda cha de Havilland kilifika hapa mwaka 1929, na kambi ya jeshi la anga ilikaa hadi 1996. Majengo makubwa yanayofanana na maghala ni kama miti kwetu, tunayapita tu.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa zoezi dogo. Kila mmoja atafute katika katalogi za maktaba za Toronto kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa kabla ya mwaka 1980, kisha aandike kiko wapi. Nilipofungua katalogi ya Chuo Kikuu cha Toronto, baadhi ya vitabu nilivyovitaka vilionyesha neno moja mahali pa rafu: Downsview. Nilidhani nimebonyeza vibaya. Jioni nikamwambia Mama.

"Mama, kuna vitabu vya Kiswahili hapa hapa mtaani kwetu."

"Viko kwa nani?"

"Viko kwenye ghala, pale Dufferin unapopita kila siku."

"Si uende ukavichukue, basi?"

Ndiyo shida yenyewe. Huendi kuvichukua. Mama hakuridhika na jibu hilo, na mimi pia sikuridhika nalo. Insha hii ni jaribio langu la kumpa jibu zima: vitabu vilifikaje Dufferin, na kwenye nafasi vilizoziacha kumewekwa nini.

Tuanze na ghala. Chuo Kikuu cha Toronto kilifungua jengo hili la kuhifadhia vitabu mwaka 2005. Wazo halikuwa lao. Lilitoka Harvard, ambako mwaka 1986 walijenga ghala la vitabu mbali na kampasi, na vyuo vingi vya Amerika Kaskazini vikaiga. Linavyofanya kazi ni jambo la kustaajabisha kwa mtu aliyezoea maktaba. Kitabu kikifika hakiulizwi kinazungumzia nini. Kinapimwa kimo. Vitabu vya kimo kimoja huwekwa pamoja kwenye trei ya kadibodi, trei hupewa kibandiko chenye mistari ya kusomwa na mashine, na kompyuta hukumbuka kwamba kitabu fulani kiko trei fulani, rafu fulani, ujia fulani. Ni kama wanafunzi wa shule ya msingi wanavyopangwa mstarini asubuhi, wafupi mbele na warefu nyuma, na mwalimu mkuu hajali nani ana akili. Diwani ya mashairi ya Mombasa inaweza kulala miaka thelathini ubavuni mwa kitabu cha matibabu ya meno, kwa kuwa vyote ni vyembamba.

Rafu zenyewe ni ndefu mno, na wafanyakazi hupanda kwa mashine ya kunyanyulia. Hewa ndani ni ya baridi na kavu wakati wote ili karatasi isioze, na taa haziwaki bila sababu. Kwa afya ya kitabu hakuna mahali bora zaidi. Kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa Nairobi au Dar es Salaam miaka ya 1960, kwenye karatasi ya bei nafuu, kitaishi Dufferin kuliko kingeishi kwenye kabati la bibi yangu Tanga, ambako chumvi ya bahari na mchwa havina huruma. Hilo lazima nilikubali mapema, kwa sababu mbele nitalalamika.

Msomaji haingii kutembea humo. Anaagiza kwa kompyuta, mfanyakazi anakitoa kitabu kwenye trei, gari linakipeleka kwenye maktaba ya kampasi, na msomaji anakipokea huko. Kwa hiyo kitabu kilichoko jirani na nyumba yetu hushuka kwanza mjini. Sisi wa Chuo Kikuu cha York tunakipata kwa mkopo baina ya maktaba, maana yake kinashuka mjini halafu kinapanda tena kuja kampasi ya Keele, umbali wa kilomita chache tu kutoka kilikoanzia. Mama alipolielewa hilo alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

Ghala liliendelea kukua. Baadaye vyuo vikuu vingine vinne vya Ontario, yaani Queen's, Western, McMaster na Ottawa, viliungana na Toronto katika mpango unaoitwa Keep@Downsview. Wazo lake ni rahisi. Ikiwa vyuo vitano vina nakala tano za kitabu kisichosomwa sana, ihifadhiwe nakala moja Downsview kwa niaba ya wote, na kila chuo kipate nafuu ya nafasi. Ni ushirika, kwa maana nzuri ya neno hilo. Nasi wenyeji wa Downsview tumekuwa walinzi wa vitabu vya mkoa mzima bila kuambiwa.

Lakini nafuu ya nafasi ni nafasi ya nini? Hapo lazima turudi nyuma hadi mwaka 1972.

Mwaka huo Maktaba ya Robarts ilikuwa bado inajengwa mjini Toronto. Ni lile jumba la zege ambalo wengi wetu tunalilinganisha na tausi au na ngome, kulingana na siku tuliyoamka nayo. Lilikusudiwa kuwa hazina ya utafiti. Mpango wa awali ulikuwa kwamba walimu na wanafunzi wa shahada za juu ndio waruhusiwe kuingia kwenye rafu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, yaani mtu kama mimi, angesimama kwenye deski, aandike anachotaka, angoje aletewe. Wanafunzi walikataa. Mwezi Machi 1972 walivamia jengo la utawala, Simcoe Hall, wakaketi humo. Polisi waliitwa, baadhi ya wanafunzi wakakamatwa, wenzao wakarudi tena. Mwishowe chuo kilikubali, na maktaba ilipofunguliwa mwaka 1973 rafu zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote.

Naomba msomaji aikumbuke picha hiyo, kwa sababu leo inaonekana ngeni. Vijana wa miaka ishirini walikubali kukamatwa na polisi ili waruhusiwe kutembea kati ya rafu. Hawakudai viti, wala chaja, wala kahawa. Walitaka kuvifikia vitabu kwa mikono yao wenyewe, wafunue kimoja, wakirudishe, wafunue cha pembeni. Walijua kwamba anayelazimika kuagiza kitabu ni lazima kwanza ajue kwamba kipo.

Chuo chetu cha York nacho kilikuwa kichanga wakati huo. Kilianzishwa mwaka 1959, kikahamia mashamba haya ya Keele mwaka 1965, na Maktaba ya Scott ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nayo ni zege. Ukitazama picha za zamani za maktaba za enzi hiyo, utaona meza ndefu, taa, na kila mtu ameinamisha kichwa kama yuko kwenye mtihani. Maktaba ilikuwa mahali pa kusoma peke yako. Ukitaka kuzungumza ulitoka nje.

Miaka ya 1990 mambo yakaanza kugeuka. Kompyuta ziliingia, na kwa kuwa mwanafunzi wa kawaida hakuwa nayo nyumbani, maktaba ndiyo iliyoziweka. Chuo Kikuu cha Iowa kilifungua ukumbi wa namna hiyo mwaka 1992, na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kikafungua Maktaba ya Leavey mwaka 1994, iliyojengwa tangu mwanzo kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza na kompyuta zao. Watu wakagundua jambo ambalo yeyote aliyekulia nyumba yenye televisheni moja angewaambia: ukiweka mashine moja, watakaa watatu. Wanafunzi walisogeza viti, wakaelekezana, wakabishana. Wakutubi walikuwa na njia mbili, kuwanyamazisha au kuwaongezea viti.

Waliongeza viti. Hapa Ontario, Chuo Kikuu cha Guelph kilitangulia mwaka 1999 kwa kuwaweka pamoja ndani ya maktaba watu waliokuwa wametawanyika kampasi nzima: wa kusaidia uandishi, wa kufundisha mbinu za kujisomea, wa kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu, na wakutubi wenyewe. Ukumbi wa pamoja wa kujifunzia ndio ukazaliwa hivyo. York ilifuata karibu na mwaka 2010, ndani ya Scott. Mwaka 2015 chuo ambacho wakati huo kiliitwa Ryerson kilifungua kwenye Mtaa wa Yonge jengo zima la ghorofa nane la kujifunzia pamoja, limeunganishwa na maktaba lakini lenyewe halina rafu za vitabu. Na mwaka 2022 Robarts ile ile ya mwaka 1972 ilifungua upande mpya wa vioo wenye viti takriban 1,200.

Kwa hiyo katika miaka hamsini dai la mwanafunzi limebadilika. Wa mwaka 1972 alidai rafu, wa leo anadai kiti chenye soketi. Sisemi hivi kwa kumdharau wa leo. Mimi ndiye wa leo. Nyumbani tuko watano katika vyumba viwili, na mdogo wangu anafanya mazoezi ya tarumbeta. Bila kiti cha Scott nisingemaliza mwaka wa kwanza. Wanafunzi wengi wa York husafiri kila siku kutoka mbali, na tangu treni ya chini ya ardhi ifike kampasi Desemba 2017 ndio kabisa: mtu anashuka asubuhi, anaondoka usiku, na katikati hana chumba chochote isipokuwa maktaba. Kwake kiti si anasa.

Kazi ya mkutubi nayo imegeuka. Zamani alikaa nyuma ya deski akijibu swali la mtu aliyekuja na swali. Siku hizi anakaa meza moja na wa uandishi na wa mbinu za masomo, kwa sababu mwanafunzi haji na swali la maktaba. Anakuja na insha ya kuwasilisha kesho. Hajui kama tatizo lake ni kutopata makala, au kutojua kupanga hoja, au usingizi. Zamani angetumwa majengo matatu. Sasa anasikilizwa mahali pamoja. Kuna pia wanafunzi wa miaka ya juu wanaolipwa kuwasaidia wadogo zao, na naona hilo ndilo badiliko zuri kuliko yote, maana mwenzako hukwambia bila haya kile ambacho hata yeye hakukielewa mwaka jana.

York ilikwenda mbele zaidi, ikaweka msaada huo kwenye mtandao kwa jina la SPARK. Ni kifupisho tu cha maneno ya Kiingereza kuhusu insha na utafiti. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili akiliona neno hilo anacheka kidogo, kwa kuwa kwa lugha yetu ni cheche, na Cheche ni habari nyingine kabisa.

Cheche lilikuwa jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lilitolewa na kikundi cha USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichoanzishwa mwaka 1967, ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walimtegemea sana mwalimu kijana wa historia kutoka Guyana, Walter Rodney. Kila Jumapili asubuhi walikutana kwa madarasa ya itikadi ambayo hayakuwa kwenye ratiba ya chuo wala hayakutoa alama. Mtu alipewa kitabu, akakisoma wiki nzima, Jumapili akakieleza mbele ya wenzake, nao wakamhoji mpaka jasho limtoke. Walisoma Marx, walisoma Fanon, walisoma Nkrumah. Mwaka 1970 jarida lilichapisha kama toleo la pekee andiko refu la mwanafunzi wa sheria, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Kabla mwaka huo haujaisha, jarida na chama vyote vilipigwa marufuku.

Nimeyasoma haya na kujiuliza: hiki si ukumbi wa pamoja wa kujifunzia? Hakikuwa na fenicha za rangi wala ukuta wa kuandikia. Kilikuwa na watu, na kilikuwa na vitabu vilivyopita mkono kwa mkono. Wenzetu wa Mlimani hawakusubiri mbunifu wa majengo. Lakini pia hawakukutana mikono mitupu. Kila Jumapili palikuwa na kitabu katikati, na bila kitabu kile kikao kingekuwa kijiwe tu. Vijiwe ni vizuri, mjomba wangu ameishi humo, ila havikutoa Cheche.

Na kabla ya Mlimani kulikuwa na pwani. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha aliouanzisha Habib Swaleh, mafunzo yalikuwa ya duara: mwalimu katikati, wanafunzi wamemzunguka, mmoja anasoma kwa sauti na mwalimu anafafanua. Maandiko ya Riyadha yapo hadi leo, na picha zake zimehifadhiwa katika mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuona Lamu, alijifunza vivyo hivyo Tanga. Nilimpigia simu kumuuliza, nikamwamkia shikamoo, na baada ya marahaba na maswali kuhusu baridi nikamuuliza kama chuoni walikuwa wakinyamaza.

"Kunyamaza?" akasema. "Mjukuu wangu, ukinyamaza chuoni ulichapwa. Mwalimu atajuaje kama unasoma?"

Neno alilotumia bibi, chuo, linastahili kusimamiwa kidogo. Leo tunalijua kama mahali: chuo cha Kurani, chuo cha ufundi, chuo kikuu. Katika Kiswahili cha zamani cha kaskazini chuo kilikuwa pia kitabu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani na wenye hati ya mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, na hapo chuo maana yake ni kitabu. Neno moja, basi, lilibeba kitu kinachosomwa na mahali watu wanapokisoma kwa pamoja. Mtu wa Pate angesikia "chuo kikuu" angeweza kufikiri tunasema kitabu kikubwa. Mpango wa leo, wa watu kubaki Keele na vitabu kwenda Dufferin, umelikata neno hilo vipande viwili.

Sasa nilalamike, kama nilivyoahidi.

Kitabu huchaguliwaje kwenda ghalani? Kigezo kikubwa katika maktaba nyingi ni matumizi. Kisichoazimwa miaka mingi huhama, kinachoazimwa hubaki. Ni haki kabisa ikiwa unalinganisha vitabu viwili vya uchumi. Lakini kitabu cha Kiswahili Toronto kitaazimwa na nani? Sisi wa klabu hatujai basi moja. Mbele ya kigezo cha matumizi, lugha ndogo hushindwa siku zote, hata kama kitabu chenyewe ni bora na hata kama mjini hakuna nakala nyingine. Hata kikibaki rafuni, vyembamba vyetu vimebanwa kati ya vinene vya wengine. Katika mpango wa namba wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao vyuo vyetu hufuata, Kiswahili ni PL 8701 hadi 8704. Namba nne. Ukitembea kwa haraka unaipita lugha nzima bila kujua.

Hata hivyo namba hizo nne ndizo zilizonirudisha kwenye lugha yangu. Nilikuwa mwaka wa kwanza, nikitafuta sarufi ya Ashton ya mwaka 1944 ambayo mwalimu alitaka tuitazame. Niliipata, na hatua moja pembeni nikaona mgongo wa kitabu kilichochakaa: Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, cha Shaaban Robert. Sikumtafuta. Jina nililijua kwa sababu bibi hulitaja kama mtu wa nyumbani, kwa kuwa alizaliwa upande ule wa Tanga mwaka 1909. Niliketi sakafuni kati ya rafu nikasoma kurasa sita kwa dakika arobaini, nikiwa sijawahi kusoma Kiswahili kirefu kuliko ujumbe wa simu. Katalogi isingenipa kitabu hicho, maana nisingekiandika. Mtoto aliyekulia ughaibuni hajui majina ya kuagiza. Anahitaji kugongana na vitu.

Watetezi wa ghala husema katalogi za siku hizi zina rafu za kuigiza kwenye skrini, unabonyeza na kuona vitabu jirani. Nimejaribu. Inafaa, ila vitabu vingi vya Kiswahili vya zamani havina picha ya jalada, kwa hiyo unaona safu ya miraba ya kijivu. Mtu hafungui mraba wa kijivu.

Upande wa pili wa lalamiko ni sauti. Lugha ya urithi haijifunzwi kimya. Wengi wetu tunasikia vizuri na kusema vibaya, na dawa ya kusema vibaya ni kusema mbele ya watu wasiokucheka sana. Mwaka wangu wa kwanza, kabla hatujajua kuwa vyumba vya vikundi huwekewa nafasi mapema, tulikaa watu wanne kwenye meza ya maktaba moja ya jiji hili tukisoma mazungumzo kwa sauti ya chini. Tuliombwa tunyamaze mara mbili. Meza ya jirani walikuwa wakizungumza Kiingereza kwa sauti ile ile. Labda masikio huona lugha ngeni ni kelele zaidi. Sitamlaumu mtu. Nasema tu kwamba siku tulipopata chumba chenye mlango ndipo klabu hii ilipoanza kweli, na kwa hilo namshukuru kila aliyewahi kutetea kuta za vioo kwenye kikao cha bajeti.

Kwa hiyo simo katika kundi la wanaotaka viti viondolewe na rafu zirudi. Wala simo katika kundi linalosema vitabu vimepitwa na wakati. Nataka chuo kwa maana yake ya zamani. Kama lazima vitabu vyetu vikae Dufferin, basi kigezo cha matumizi kisiwe peke yake, na rafu moja, hata moja tu, iwekwe ndani ya ukumbi wa pamoja, karibu na viti, ya vitabu vya lugha tunazozungumza majumbani hapa Downsview na Jane na Finch. Vibadilishwe kila muhula kutoka ghalani. Ghala lina vitabu, ukumbi una watu, na kati yao kuna gari ambalo tayari linakwenda na kurudi.

Hata nyumbani suala ni hilo hilo. Binamu yangu anasoma Mlimani, na mara ya kwanza aliponipigia video kutoka maktaba mpya nilimwonea wivu. Ilizinduliwa na Rais Magufuli mwezi Novemba 2018, imejengwa kwa msaada wa China, na inaelezwa kuwa inaweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Nilimwomba anizungushie simu. Alinionyesha viti, meza, soketi, wanafunzi wamejaa. Nikamwambia anionyeshe vitabu. "Vipo," akasema, "ila ngoja, nikisimama nitapoteza nafasi." Hakusimama. Ningekuwa yeye nisingesimama pia.

Kitabu changu cha zoezi kilifika baada ya siku kadhaa, kimetoka Downsview na kurudi Downsview. Ni mkusanyiko mdogo wa hadithi, kimo cha kiganja, na ndani ya jalada la nyuma bado kuna karatasi ya tarehe za zamani. Mhuri wa mwisho ni wa 1991. Alhamisi tulikipeleka kwenye chumba cha kikundi, tuko sita, tukasoma kwa zamu kwa sauti. Mwenzetu aliyezaliwa Bukavu alisimama kwenye neno "ndivyo", akasema kwao ni "njo vile", na mwenzetu wa Mombasa akasema hilo si Kiswahili, na robo saa ikaishia hapo, kwa raha. Tulipofika ukurasa wa mwisho wa hadithi ya pili mlango uligongwa. Saa yetu ilikuwa imekwisha, na nje walikuwa wanasubiri vijana wa fizikia na laptopu zao mikononi. Tulikusanya mabegi, tukamalizia aya tatu zilizobaki tukiwa tumesimama kwenye korido.